Kuandikiana Mkataba na Mtunga Sheria

Wengi wetu tumelelewa tukisikia kwamba mwenye kazi ya Serikali hana haja ya kuhofu. Mteja wa dukani huhama, mfanyabiashara hufilisika, mvua huharibu mavuno, lakini Serikali haifi wala haihami. Ndiyo maana familia nyingi huifurahia zabuni ya Serikali kuliko mteja mwingine yeyote, na zabuni yenye fedha za taifa kubwa huonekana kuwa imara zaidi ya zote. Sisi ni familia ya wachapaji jijini Dar es Salaam, na katika mwaka 2025 tuliona kwa macho yetu jambo ambalo tunadhani lina faida kwa kila nyumba inayokula kwa mkataba. Serikali ni mteja wa pekee: hukaa nawe mezani mkatiana saini, kisha huinuka ikaenda kutunga sheria.

Tunaandika haya bila ya ugomvi na mtu. Kampuni iliyotupa kazi ilitutendea kadiri ilivyoweza, nayo pia iliamka asubuhi moja ikakuta mikono yake imefungwa. Wala hatukusudii kuingia katika siasa za Marekani. Wananchi wa nchi ile wana haki ya kumchagua wanayemtaka, na anayechaguliwa ana haki ya kubadili sera. Swali letu ni dogo zaidi, na liko karibu zaidi na jiko: sera inapobadilika, gharama ya mabadiliko humwangukia nani, na mkataba humkinga nani?

Karakana yetu tuliachiwa na marehemu baba. Tunaiendesha ndugu watatu pamoja na Mama, ambaye ingawa umri umekwenda, bado ndiye mwenye neno la mwisho katika mambo ya fedha. Wafanyakazi ni sita: wawili wa mashine, mmoja wa kukata karatasi, na kina mama watatu wanaokunja kurasa, kuzipanga na kubandika majalada. Novemba 2024 tulitia saini mkataba wa kuchapa madaftari 9,000 ya kumbukumbu kwa ajili ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Aliyetupa kazi hakuwa Serikali ya Marekani yenyewe, bali kampuni iliyokuwa na mkataba wa mradi uliogharimiwa kwa fedha za umma wa Marekani. Kampuni hiyo ilikuwa mkandarasi mkuu, na sisi tulikuwa mkandarasi mdogo chini yake. Karatasi tulichukua kwa mali kauli kutoka kwa mzee mmoja wa Kariakoo, aliyefanya biashara na baba tangu sisi tukiwa watoto. Tuliandika idadi ya rimu, bei na tarehe ya kulipa, kwa kuwa baba alitufunza kuandika kila deni hata likiwa baina ya marafiki. Basi upande mmoja tulikuwa na mkataba wa kurasa 46 wenye mihuri, na upande wa pili tulikuwa na ukurasa mmoja wa daftari la mzee.

Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kuapishwa kwake, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo ya nje kwa siku 90 ili ifanyiwe tathmini. Siku nne baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikatoa maelekezo ya kusimamisha kazi zilizokuwa zikiendelea. Jumatatu ya tarehe 27, barua ikatufikia. Ilikuwa fupi, ya adabu, na ilituagiza mambo mawili: tusiendelee na kazi, na tuchukue kila hatua inayofaa ili gharama zisizidi kuongezeka. Wakati huo majalada yote 9,000 yalikuwa yamekwisha chapwa, na kurasa za madaftari 5,000 zilikuwa zimerundikwa sakafuni zikisubiri kukunjwa. Hakuna hata daftari moja lililokuwa limebandikwa jalada.

Yaliyofuata duniani yanajulikana. Tarehe 10 Machi, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, alitangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa, yaani mikataba ipatayo 5,200. Tarehe 1 Julai shirika hilo, lililoanzishwa mwaka 1961, liliacha rasmi kutekeleza misaada, na kilichobaki kikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje. Watu walizungumza sana juu ya dawa, kliniki na chakula, na walikuwa na haki ya kuzungumza. Sisi tulikuwa tunatazama upande mwingine wa jambo lile lile, upande wa karatasi zilizotiwa saini. Tulitaka kujua: hivi mkataba unaweza kusimama tu kama gari lililoishiwa mafuta?

Mpwa wetu aliyesomea sheria alikuja kutukalisha kwa jioni kadhaa baada ya Isha, akiusoma mkataba ule kifungu baada ya kifungu. Jibu lilikuwa humo humo ndani. Mikataba ya Serikali ya Shirikisho ya Marekani huongozwa na Kanuni za Ununuzi za Shirikisho, zilizoanza kutumika tarehe 1 Aprili 1984. Miongoni mwa vifungu vyake mashuhuri viko viwili. Cha kwanza huiruhusu Serikali kumwamuru mkandarasi asimamishe kazi kwa muda wa hadi siku 90. Ukimalizika, Serikali hutakiwa kuchagua: ama iiruhusu kazi iendelee, ama iuvunje mkataba, ama wakubaliane kuongeza muda. Cha pili huiruhusu Serikali kuuvunja mkataba kwa manufaa yake yenyewe, hata kama mkandarasi hakukosea lolote. Haihitaji kuthibitisha kosa. Inatosha kusema kwamba manufaa ya Serikali yanataka hivyo.

Kwa masikio ya mfanyabiashara wa kawaida, kifungu hicho ni kigeni. Tukimuuzia mtu kitabu, naye akabadili nia kabla hatujakifikisha, tutamwambia kwamba amevunja ahadi. Lakini kifungu kina historia, na historia hiyo ina mantiki. Kilichipuka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyokwisha mwaka 1865. Kampuni zilikuwa zikiiundia Wizara ya Jeshi la Majini injini za meli, kisha vita vikaisha. Kuendelea kutengeneza injini zisizohitajika kungekuwa kuzitupa fedha za wananchi baharini. Shauri la Corliss Steam-Engine Company lilipofika Mahakama ya Juu katika miaka ya 1870, mahakama ilikubali kwamba maofisa wa Serikali walikuwa na mamlaka ya kusimamisha kazi ile na kupatana juu ya fidia. Kilichoanza kuwa cha vita, baadaye kikaingia katika mikataba ya amani, na leo kimo hata katika mkataba wa kuchapa madaftari.

Mpwa wetu akatusimulia jingine la ajabu zaidi. Katika miaka ya 1950, mkandarasi mmoja alipewa kazi ya kujenga nyumba 2,000 za wanajeshi na familia zao katika kambi ya Fort Polk, jimbo la Louisiana. Jeshi likabadili mipango, likaamua kuifunga kambi, na mkataba ukavunjwa. Mkandarasi akasema: katika mkataba wangu hamna kifungu cha kuvunja kwa manufaa ya Serikali. Na kweli hakikuwamo. Mwaka 1963 mahakama ikaamua kwamba, kwa kuwa kanuni zilikitaka kifungu hicho kiwemo, basi sheria inakihesabu kuwa kimo, hata kama hakuna aliyekiandika. Tangu hapo, anayeandikiana na Serikali ile hufungwa na yaliyoandikwa na pia na baadhi ya yale ambayo hayakuandikwa.

Je, hii ina maana kwamba Serikali haifungwi na lolote? Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa kabla ya wakati. Sheria ya Marekani imekuwa ikivutana kwa karne nzima kati ya kofia mbili ambazo Serikali huzivaa: kofia ya mteja na kofia ya mtawala. Mwaka 1925, katika shauri la Horowitz, mnunuzi alikuwa amenunua hariri kutoka kwa Serikali. Kabla haijamfikia, mamlaka ya reli iliyokuwa chini ya Serikali hiyo hiyo ikazuia hariri isisafirishwe kwa treni za mizigo. Bei ikashuka, mnunuzi akapata hasara. Mahakama ilisema Serikali kama mteja haiwezi kudaiwa kwa jambo ililolifanya kama mtawala kwa ajili ya watu wote. Lakini mwaka 1996, katika shauri la Winstar, ikawa kinyume. Serikali ilikuwa imeziahidi taasisi za akiba masharti fulani ya kihesabu ili zikubali kuzibeba nyingine zilizokuwa zinaanguka. Mwaka 1989 Bunge likapitisha sheria iliyoyafuta masharti hayo. Mahakama ya Juu ikasema: mna haki ya kubadili sheria, lakini ahadi mliyoitoa mtailipia.

Tofauti kati ya mashauri hayo mawili inafaa kukaa kichwani. Sera ni ya mtawala, naye huibadili apendavyo. Deni la kazi iliyokwisha fanyika ni la mteja, nalo halifutwi na uchaguzi. Hata katika misukosuko ya 2025, jambo hilo lilijitokeza. Tarehe 5 Machi, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikataa kuliondoa agizo la jaji wa chini lililohusu malipo ya takriban dola bilioni 2 kwa kazi za misaada ambazo zilikuwa zimekwisha fanyika. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 4 Aprili, katika shauri jingine lililohusu ruzuku za elimu, mahakama hiyo hiyo, tena kwa kura 5 dhidi ya 4, ilionyesha kwamba anayedai fedha kwa msingi wa mkataba na Serikali ya Shirikisho kwa kawaida anapaswa kubisha hodi katika Mahakama ya Madai ya Shirikisho. Kwa maneno mengine, anayetaka kupinga sera ana mlango wake, na anayetaka kulipwa ana mlango wake. Anayebisha mlango usio wake hupoteza miezi.

Basi kifungu kile kinachoiruhusu Serikali kuondoka ndicho hicho hicho kinachompa mkandarasi haki. Katika mkataba wa bei maalumu kama wetu, kazi ikivunjwa kwa manufaa ya Serikali, mkandarasi hulipwa gharama za kazi aliyoifanya, gharama za maandalizi, faida ya wastani juu ya kazi hiyo, na gharama za kufunga hesabu. Asicholipwa ni faida ya kazi ambayo hakuifanya. Madaftari 4,000 ambayo hatukuyachapa hayakuwa yetu tena, hata katika ndoto. Lakini zile kurasa za madaftari 5,000 zilizolala sakafuni, na majalada 9,000, vilikuwa na mwenyewe, na bei yake ilikuwa inadaiwa.

Haki hiyo, hata hivyo, ina saa ukutani. Kanuni humpa mkandarasi mkuu mwaka mmoja tangu siku ya kuvunjwa mkataba kuwasilisha hesabu zake za mwisho. Chini ya sheria ya mwaka 1978 inayohusu migogoro ya mikataba ya Serikali, dai lazima liwasilishwe ndani ya miaka 6. Ofisa wa mikataba akilikataa, mkandarasi ana siku 90 za kukata rufaa katika bodi ya rufaa za mikataba, au miezi 12 za kwenda Mahakama ya Madai. Mkataba wetu sisi wa chini ulikuwa mkali zaidi: ulitupa siku 60 tu. Anayekaa kusubiri hali itengemae huku siku zinakwenda, huenda akaamka akakuta haki yake imekufa bila ya yeyote kuiua.

Tena haki hiyo haishuki yenyewe kama maji. Mkandarasi mdogo hana mkataba na Serikali. Ana mkataba na aliye juu yake. Sisi tusingeweza kuiandikia Washington barua ya kudai. Tuliweza tu kuiandikia kampuni iliyotupa kazi, nayo ikaliingiza dai letu katika dai lake, likapanda ngazi hadi juu, kisha tukasubiri jibu lishuke kwa ngazi hizo hizo. Na chini yetu sisi kuna wengine: mzee wa karatasi, fundi wa mashine, mama mwenye kukunja kurasa. Hao hawamo katika kurasa zile 46 hata kwa neno moja.

Hapo ndipo ulipokuwa mtihani wetu. Usiku ule wa barua tuliketi na Mama. Mmoja wetu alisema, na hakusema kwa ubaya, kwamba tuwaambie wafanyakazi kama tulivyoambiwa sisi: kazi imesimama, malipo yatakuja yakija. Kwa sheria ya biashara tu, ilikuwa hoja yenye kueleweka; fedha tuliyokuwa nayo isingetufikisha mbali. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: "Wanangu, hao kina mama waliokwisha kukunja kurasa za kazi nyingine mwezi huu na wakaanza hizi, jasho lao limesimamishwa na Rais gani?" Hakuna aliyejibu. Tukaandika majina sita, na mbele ya kila jina tukaandika siku alizofanya kazi. Walilipwa wiki ile ile, kutokana na akiba iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya kununua mashine ya kushona vitabu. Mashine hiyo bado hatujainunua.

Kwa mzee wa karatasi tulikwenda wenyewe, hatukumpigia simu. Tulimpelekea barua ya kusimamishwa kazi, tukamtafsiria kila mstari, na tukamwonyesha rimu ambazo hazijafunguliwa. Alizichukua kwa bei ile ile aliyotuuzia, akaziondoa katika deni. Kwa zilizokwisha tumika, akatupa muda bila ya kuongeza hata shilingi. Tulipotoka tulitafakari jambo moja. Kwa ukurasa mmoja wa daftari la mzee, kila mtu alijua anadai nini na anadaiwa nini, na aliyekuwa na nguvu hakumkandamiza aliyebanwa. Waislamu tunajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile inayohusu kuandikiana deni. Urefu wa maandishi si kasoro. Ila maandishi ni chombo, na chombo humtumikia aliyekishika vizuri.

Barua ya kuvunjwa kabisa kwa mkataba ilifika wiki ya pili ya Machi. Mpwa wetu alikuwa ametuagiza tangu mwanzo tutunze kila kitu: stakabadhi za wino, karatasi za mahudhurio, picha za marundo zenye tarehe, barua zote hata zile fupi za kukiri kupokea. Tukatengeneza hesabu ya kurasa 11 na kuiwasilisha ndani ya mwezi mmoja. Tulionyesha kile tulichokifanya kabla ya barua ya kwanza, kile tulichokifanya kwa ajili ya kuhifadhi kazi baada ya barua, na kile tulichokiokoa kwa kurudisha rimu. Kurasa zilizochapwa zilikuwa na nembo, na hatukuwa na ruhusa ya kuzitumia. Tuliomba maelekezo, tukaruhusiwa kuziuza kama karatasi chakavu kwa kilo, na thamani yake ikapunguzwa katika dai letu, kama kanuni zinavyotaka. Malipo yalikuja mwezi wa Oktoba. Yalitosha kumaliza deni la mzee na kurudisha sehemu ya akiba. Hayakutufanya matajiri, na hayakuwapatia wahudumu wa afya madaftari yao.

Katika miezi hiyo hiyo tulikuwa tukipokea habari za upande wa pili wa bahari. Dada yetu anaishi Maryland, karibu na Washington, na ameajiriwa na kampuni inayosafisha jengo la Serikali. Yeye si mtumishi wa Serikali, ni mfanyakazi wa mkandarasi, na tofauti ya maneno hayo mawili aliionja mara mbili katika mwaka mmoja.

Mara ya kwanza ilihusu ujira. Mwaka 2021 Rais Joe Biden alitoa amri iliyopandisha kima cha chini kwa wafanyakazi wa mikataba ya Serikali ya Shirikisho, na mwanzoni mwa 2025 kiwango hicho kilikuwa kimefika dola 17.75 kwa saa. Tarehe 14 Machi 2025 amri hiyo ikafutwa. Iliyobaki ni amri ya zamani zaidi ya Rais Barack Obama, ambayo kiwango chake kwa mwaka huo kilikuwa dola 13.30. Ujira wa dada yetu haukupunguzwa, lakini walioajiriwa baada yake katika jengo lile lile walianzia chini. Kinachowasaidia baadhi yao ni sheria ya mikataba ya huduma ya mwaka 1965, ambayo hutaka ujira ulingane na viwango vya eneo. Hiyo ilipitishwa na Bunge, na haifutwi kwa saini ya mtu mmoja.

Mfano mwingine ni wa amri ya Rais Lyndon Johnson ya mwaka 1965, iliyowataka wakandarasi wa Serikali wasiwabague watu kwa rangi, dini wala asili ya taifa, na wachukue hatua za kuhakikisha hivyo. Ilidumu karibu miaka 60, kisha ikafutwa tarehe 21 Januari 2025. Hata hivyo, Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ingali inakataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya dini yake. Mama wa Kiislamu anayevaa hijabu kazini katika nchi ile anahitaji kujua ni kinga ipi imeondoka na ipi imebaki, asije akaiacha haki aliyonayo kwa kudhani imekwenda na nyingine.

Mara ya pili ilikuwa tarehe 1 Oktoba 2025, Bunge liliposhindwa kupitisha bajeti na shughuli nyingi za Serikali zikafungwa kwa siku 43, hadi tarehe 12 Novemba. Watumishi wa Serikali walikaa bila mshahara, lakini wana sheria ya mwaka 2019 inayowaahidi kulipwa malimbikizo baada ya kufunguliwa. Mfanyakazi wa mkandarasi hana sheria kama hiyo. Jengo alilokuwa akilisafisha dada yetu lilifungwa, na siku alizokaa nyumbani hazikurudi. Mwezi ule fedha ambayo huileta kwa ajili ya dawa za Mama haikuja. Hatukuiuliza, na yeye hakuieleza hadi tulipompigia sisi.

Tukiyaweka pamoja yaliyotupata sisi na yaliyompata yeye, tunaona ngazi moja. Haki iliyo juu ya sheria ya Bunge hutikisika kwa shida. Haki iliyo juu ya amri ya Rais huweza kuondoka asubuhi moja. Haki iliyo katika kifungu cha mkataba hudumu kwa kadiri ya maneno yake na kwa kadiri ya mwenye haki anavyoifuatilia kwa wakati. Na aliye chini kabisa, asiye na kifungu wala amri, hana ila uadilifu wa yule aliye juu yake hatua moja.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya Marekani. Ni kweli, sheria tulizozitaja ni za huko, na za kwetu zina maneno yake. Lakini vijana wetu wengi leo wanasajili kampuni na kuomba zabuni za Serikali yetu kupitia mfumo wa NeST, wengine wakifanya kazi chini ya wakandarasi wakubwa wa barabara, majengo na huduma. Nao pia wanaandikiana na mtunga sheria. Tungependa kila nyumba yenye mkataba wa namna hiyo ikae jioni moja na kujiuliza: je, tunajua kifungu cha kuvunja mkataba kinasema nini? Tuna siku ngapi za kudai? Dai letu linakwenda kwa nani? Tunatunza karatasi zipi tangu leo, kabla ya tatizo? Na deni tulilochukua kwa ajili ya kazi hii, tutalilipaje kazi ikisimama katikati?

Kisha kuna swali la mwisho, ambalo halimo katika kanuni za nchi yoyote, nalo ni la Mama. Mkataba ukivunjwa, ni nani aliye chini yetu ambaye amekwisha kutoa jasho? Jina lake na siku zake viandikwe kwanza, kabla ya hesabu ya hasara yetu. Serikali zitaendelea kubadilika, na sera zitakuja na kuondoka. Aliyefanya kazi apewe ujira wake, na hilo halihitaji kusubiri tathmini ya siku 90.